Ampli ndogo si haya



Safari hii hatuandiki juu ya kufagia dortwari wala juu ya wale wanaochelewa ku kengele ya asubui. Hayo tumekwisha kuyaandika mara mingi na tunajua mmeyachoka. Leo tunaandika juu ya ampli ya gitare. Wengine watasema: "Kapita naye! Egzame ya Leta inakaribia, yeye anasumbuka na ampli?" Ndiyo, tunasumbuka nayo. Mtuvumilie kidogo, mtaona kwamba jambo lenyewe ni kubwa kuliko kile kisanduku.

Mnajua desturi yetu. Shule ina gitare 4 za umeme. Vakansi ikifika, mwanafunzi wa kikundi cha gitare anaweza kuazima moja, anaandika jina katika daftari, mzazi anatia sahihi, gitare inaenda nyumbani. Lakini ampli ya shule haiendi. Inatumika katika ibada, tena ina uzito wa mfuko wa simenti. Kwa hiyo kila mmoja anajitafutia ampli yake huko kwao. Na hapo njo matata yanaanzia.

Vakansi iliyopita, mambo mawili yalitokea. La kwanza ni la ndugu yetu mmoja wa humanite ya tatu. Baba yake alimpa minervali ya semestre ya kwanza ili aje ailipe mwenyewe. Yeye akapita sokoni, akaona ampli kubwa ya okazioni, watt 100, yenye bafle mbili, akainunua. Ku duka waliijaribu mbele yake, ikalia vizuri sana. Lakini ku duka ilikuwa imefungwa ku transfo, na ile transfo ilibaki kwa mwenye duka. Nyuma ya ampli iliandikwa volti 120. Hakuna aliyesoma. Mangaribi akaingiza prizi, watoto wa lupango wote wamekusanyika, akapiga akordi moja. Kisha harufu, kisha moshi, kisha kimya. Muziki wa dakika moja ulikula feza ya miezi mitano. Alirudi masomoni wiki tatu baada ya wenzake, kisha mama yake kuuzisha makala na kukopa ku majirani.

La pili ni la mwingine ambaye ampli yake haikuungua, na heri ingeungua. Ilikuwa na nguvu kupita nyumba yao. Siku moja saa ya mangaribi alikuwa chumbani mwake akijifunza, mlango umefungwa, hasikii kitu kingine. Kumbe lupango ya pili kulikuwa kilio, watu wamekaa chini wakimlilia mtoto mdogo. Rumba ilipita juu ya ukuta ikaingia katikati ya machozi. Wazee walikuja kumkanya, na jirani mmoja akamwandikia Papa Prefe barua.

Sasa tunasikia kwamba kamati ya shule inafikiri kukataza: gitare isitoke tena, aliye na hamu ya kujifunza ajifunze hapa hapa. Papa Prefe, kwa wema wake, ametuomba sisi makapita tuseme wanafunzi wanafikiri nini kabla kamati haijakata neno. Maoni yetu njo haya.

Kwanza tuungame. Yule ndugu wa humanite ya tatu hakuamka asubui moja akatamani watt 100 bule tu. Mwaka uliopita, ku jioni ya nyimbo, alileta ampli ndogo ya watt 10, mali ya yaya yake. Alipoiweka juu ya meza, nani alicheka wa kwanza? Ni sisi. Tulisema: "We, hiyo ni ampli ao redio ya mama yako?" Watu wote wakacheka, na tangu siku ile jina lake likawa Redio. Dortwarini Redio, uwanjani Redio, hata ku mstari wa bukari Redio. Alienda kununua ile ampli kubwa ili auwe jina hilo. Kwa hiyo ile minervali iliyopotea, sehemu yake iko mikononi mwetu, na hatuwezi kukaa hapa kama watu safi tukimnyooshea kidole.

Kumbe tulichocheka kilikuwa njo kitu sawasawa. Kwa kupiga nyumbani, ile ampli ndogo ilikuwa chaguo nzuri, na sisi wenye kucheka hatukujua kitu. Tangu wakati ule tumeuliza, tumesoma, tumemsumbua mwalimu wetu wa fizikia. Tunataka kuwaambia tuliyojifunza, ili kila mmoja ajue kuchagua.

Swali la kwanza: je, unahitaji ampli? Kama gitare yako ni ile kavu, yenye tumbo la mbao, tumbo lenyewe ni ampli. Hapa Katanga hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mzungu aliyekuwa anazunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Mwenda Jean Bosco ku Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Akarekodi "Masanga". Hakukuwa ampli. Kulikuwa vidole, nyuzi na mbao. Wapiga gitare wa inchi mingi wamejifunza wimbo huo mpaka leo. Basi mwenye gitare kavu, usidanganywe na mtu, nunua nyuzi mpya, inatosha.

Lakini gitare ya umeme, ile isiyo na tumbo, ni mambo mengine. Bila ampli unaisikia kidogo sana, kama panya ndani ya sanduku, na mwenye kujifunza hivyo anapiga nyuzi kwa nguvu mno ili ajisikie, mkono wake unaharibika. Hapo ampli inahitajika. Na msiifunge ku redio ya nyumba mkisema ni kitu kimoja. Umeme unaotoka katika gitare ni mdogo na unahitaji mlango uliotengenezwa kwa ajili yake. Ku redio, sauti inakuwa ya bubu, na bafle ya redio inaweza kupasuka.

Swali la pili: watt ngapi? Hapa njo wengi tunapotea. Tunafikiri watt 100 inalia mara kumi kuliko watt 10. Si hivyo. Mwalimu alituonyesha ku ubao: ukizidisha watt mara mbili, unaongeza desibeli 3 tu, na sikio linasema "kidogo zaidi". Ili sikio liseme "sasa imekuwa mara mbili", watt zinapaswa kuzidishwa karibu mara kumi. Kwa hiyo ile watt 100 ya ndugu yetu, hata ingekuwa nzima, ingelia karibu mara mbili tu kuliko ile ndogo tuliyoicheka. Mara mbili tu, wandugu! Na minervali ilienda yote.

Tena bafle nzuri ya gitare, ukiipa watt 1 tu, inatoa karibu desibeli 95 ku metre 1 mbele yake. Wale wanaochunga masikio ya wafanyakazi ku mashini wanafundisha kwamba desibeli 85 mtu anaweza kukaa nazo saa 8 kwa siku, na kila ukiongeza 3, saa zinakatwa katikati. Ukifika 94, imebaki saa 1. Fikiri sasa chumba chetu cha nyumbani, metre 3 kwa 3, kitanda, mifuko ya unga, na wewe umekaa karibu na bafle kwa sababu hakuna nafasi ya kukaa mbali. Watt 1 inakutosha na kubaki. Kwa nyumba, ampli ya watt 5, ya 10, ao kwa mwingi ya 20, ni ya kutosha kabisa, na mara mingi hautafikisha butoni ya sauti hata katikati.

Angalieni pia upana wa bafle. Bafle ya inchi 5 inabebeka kama kitabu cha nyimbo lakini sauti za chini zinakosa mwili. Ya inchi 8 inaanza kusema kama mtu mzima na bado inakaa chini ya kitanda. Sisi, kama feza inaruhusu, tunachagua ya inchi 8. Na mwenye gitare ya besi asikilize vizuri: ampli ndogo ya gitare si yake. Sauti za besi zinaweza kupasua ile karatasi ya bafle. Atafute iliyotengenezwa kwa besi.

Swali la tatu: ya lampe ao ya transista? Wakubwa wetu wanasifu ampli za lampe, na kweli zina utamu. Lakini utamu wake unatoka hasa ukiisukuma kwa nguvu, na ndani ya nyumba hauwezi kuisukuma. Ni nzito, lampe zinazeeka na ni shida kuzipata, tena ndani yake kuna umeme mkali unaoweza kubaki hata kisha kuchomoa prizi. Mtoto mwenye kupenda kufungua vitu na turnevisi, hiyo si yake. Ampli ya transista ni nyepesi, inavumilia njia mbaya, na fundi wa redio wa mtaani mara mingi anaweza kuitengeneza. Siku hizi kuna zile zenye kompyuta ndogo ndani, zinazoiga sauti za ampli mingi. Ni nzuri, lakini mjihazari: wengine wanapoteza jioni nzima wakigeuza butoni, akordi hawajui hata tatu.

Swali la ne, nalo ni kubwa kuliko yote: umeme. Geuzeni ampli, someni nyuma kabla ya kuuliza bei. Umeme wetu ni volti 220. Ikiandikwa 110 ao 120 peke yake, ni ya inchi kama Marekani. Bila transfo inaungua, na transfo ni bei nyingine, uzito mwingine. Ikiandikwa 220, ao 230, ao 100 mpaka 240, ni sawa. Maneno hayo ni machache, hata mtoto wa primere anaweza kuyasoma. Kama ndugu yetu angekuwa amefundishwa kuyasoma, leo hatungeandika barua hii.

Angalieni pia prizi. Kama ampli ina mguu wa tatu, ule wa udongo, msiukate ili uingie katika tundu mbili. Sisi tumeona wanaofanya hivyo. Ule mguu unalinda mwili wako, kwa sababu nyuzi za gitare ni za chuma, zinafungwa na chuma cha ampli, na mkono wako uko juu yake. Mwaka 1972, mpiga gitare wa Scotland aliyeitwa Les Harvey aliuawa na umeme mbele ya watu ku Swansea, alipogusa mikro, kwa sababu vyombo havikufungwa ku udongo sawasawa. Yeye alikuwa mtu wa kazi hiyo, si mwanafunzi. Basi usipige gitare ya umeme ukiwa miguu bila viatu juu ya simenti yenye maji, na usimruhusu mdogo wako aguse mikro wakati wewe umeshika nyuzi, kama hauna hakika na mafungo ya nyumba.

Tena kuna delestaji. Umeme unaenda, unarudi kwa kishindo, na ule ukirudi njo unaovunja vyombo. Ukienda, chomoa prizi, ngojea dakika chache kisha kurudi. Kwa wale ambao kwao umeme haufiki kabisa, kuna ampli ndogo zinazotumia mawe ya torshi. Roland Micro Cube GX, kwa mfano, ina watt 3, bafle ya inchi 5, na mawe madogo 6. Ila mawe ni feza kila wiki. Heri yale ya kuchaji.

Wenye pano ya jua wapige hesabu kwanza. Batri ya volti 12 yenye amper-saa 20, ku karatasi ina watt-saa 240. Lakini batri ya asidi haifai kuimaliza, tutumie nusu: 120. Ampli inayokula watt 15 itaimba karibu saa 8, tuondoe kidogo juu ya konvertisa. Ile inayokula watt 200 haitamaliza dakika 40, na nyumba itabaki giza, mdogo wako atashindwa kusoma. Mjue pia kwamba watt za kulia si watt za kula. Ile ya kula imeandikwa nyuma, karibu na volti. Soma ile.

Swali la tano: majirani. Nyumba zetu nyingi ukuta kwa ukuta, na paa ya manjanja haifichi siri. Kwa hiyo tafuteni ampli yenye tundu ya kaski. Ukiingiza kaski, bafle inanyamaza, unasikia peke yako, hata saa nne ya usiku mama hatajua kama unapiga. Ule mwingine wa vakansi, angekuwa na kaski ya bei ndogo, wazee hawangetoka katika kilio kuja kwao. Lakini hata kaski haitoshi bila adabu. Kabla ya kuwasha, toka inje, angalia mtaa, uliza. Nani anagonjwa? Nani analala ku kazi ya usiku? Nani amefiwa? Mwenye kupiga muziki na hajui hali ya jirani yake, muziki wake ni kelele hata kama vidole vyake ni vya Docteur Nico.

Sasa namna ya kujaribu kabla ya kulipa, kwa sababu wengi tutanunua za okazioni. Nenda na gitare ile ile utakayopiga. Usiende peke yako, chukua mkubwa mmoja, baba mdogo ao yaya, mwenye kujua bei na asiyeogopa kusema hapana. Omba waifunge bila transfo yao. Iwashe bila kupiga: ikinguruma sana, kuna ugonjwa. Geuza kila butoni pole pole: ikikwaruza kidogo ni vumbi, ikikata sauti ni kasoro. Tikisa kidogo waya mahali unapoingia: ikipotea na kurudi, tundu imelegea. Kisha piga kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya chumba chako, si ya soko. Hapa wengi wanadanganywa, kwa sababu mwenye duka anafungua butoni yote na kila ampli inaonekana mfalme. Wewe utaishi nayo chini, isikilize chini. Iache iwake robo saa, halafu weka mkono: joto kidogo ni kawaida, harufu si kawaida. Kisha njo uulize bei.

Tunajua yale mtakayojibu. Wa kwanza atasema: "Lakini Konono No 1 ya Kinshasa iliwasha dunia kwa ampli za makelele, mikro walijitengenezea na sumaku za magari ya zamani!" Ni kweli, na tunawapenda. Lakini wale walikuwa wanapiga inje, katika mji mkubwa, likembe ikishindana na magari na umati wa watu. Walichagua chombo kulingana na mahali pao. Nasi tuchague kulingana na petu, na petu ni chumba.

Wa pili atasema: "Ampli ndogo ni ya watoto, baadaye itanipita." Fender ya Marekani ilitengeneza kwa miaka mingi ampli ndogo iitwayo Champ, karibu watt 5, kwa ajili ya wanafunzi. Eric Clapton, alipokuwa amekwisha kuwa mtu mkubwa, aliitumia ndani ya studio mwaka 1970 wakati wa kurekodi "Layla". Kama haikumpita yeye, itatupita namna gani sisi ambao akordi ya fa bado inatushinda?

Wa tatu ni wa korale: "Kanisani ampli ndogo haisikiki." Haisikiki, kweli. Lakini kanisani iko ile ya shule. Hatuzungumzi juu ya kanisa, tunazungumza juu ya saa zile ambazo mtu yuko peke yake akikosea na kurudilia. Daudi naye, kabla ya kuitwa na watu wengi, alipiga kinubi katika chumba mbele ya mfalme mgonjwa, na kilitosha.

Na feza? Hapa tunasema kwa ukali kidogo, mtusamehe. Kwanza minervali. Kisha daftari na viatu. Kisha nyuzi za gitare. Kisha, kama kimebaki kitu, ampli. Mwenye kupindua mpango huo hajanunua ampli, amemkopesha mama yake deni bila kumwuliza.

Kwa kamati ya shule tunaomba mambo matatu. Moja: gitare ziendelee kutoka wakati wa vakansi. Mwanafunzi anayepiga jioni nyumbani hayuko mahali pengine tunapopajua wote. Na hapa, gitare 4 kwa watu zaidi ya ishirini, mtu anapata nusu saa kwa wiki. Hauwezi kujifunza hivyo. Mbili: katika ile karatasi ambayo mzazi anatia sahihi, iongezwe mistari miwili. Wa kwanza, kwamba minervali ya semestre italipwa na mzazi mwenyewe, haitapita mkononi mwa mtoto. Wa pili, kwamba mwanafunzi atapiga na ampli isiyozidi watt 20, yenye kaski. Tatu: mbele ya kila vakansi, mwalimu wa fizikia atupe saa moja, kikundi chote, tujifunze kusoma nyuma ya ampli: volti, watt za kula, fizibli, mguu wa udongo. Sisi finalisti tuko tayari kusaidia mpaka siku ya kuondoka. Kukataza kunamaliza barua za majirani kwa mwaka mmoja. Kufundisha kunabaki na mtu hata akikwisha kupata diplome.

Kwa ninyi wadogo wetu, tunaomba jambo moja tu. Msicheke kitu kidogo cha mwenzenu. Sisi tulicheka, na mmeona bei yake nani aliilipa: mama mmoja mwenye makala. Tangu leo, jina Redio limekufa katika shule hii. Kapita atakayelisikia ataliandika katika daftari, na sisi wenyewe tukilisema, mtuandike.

Yule ndugu bado ana ile ampli ndogo ya watt 10, yaya yake alimwachia. Kila siku ya posho, kisha kazi za mikono, anapiga chini ya mwembe nyuma ya refektwari. Jumaposho iliyopita tulienda kumwomba musamaha, na tulikaa mpaka kengele. Haipigi kwa nguvu. Ukitaka kumsikia inafaa ukaribie, ukae chini, unyamaze. Tulikuwa watu kumi na mbili, na hakuna aliyeomba aongeze sauti.

Ni sisi,
Kapita wa wanafunzi, humanite ya ne, kwa niaba ya finalisti wote.